Siku Nne Bila Marahaba

Kwenye daftari langu, upande wa mwezi wa sita, kuna mistari minne inayofanana. Jumatatu: Bibi hajaitikia. Jumanne: Bibi hajaitikia. Jumatano nimeandika hivyohivyo. Alhamisi nimeongeza neno moja, "tena", na hapo kalamu imetoboa karatasi.

Mgeni akisoma anaweza kucheka. Kutoitikiwa shikamoo ni jambo la kuandika? Kwetu ni jambo. Katika ukoo wa Bibi, mkubwa akikukasirikia hakugombezi wala hakupigi. Anaacha tu kuitikia salamu yako. Unapiga goti, unasema shikamoo, yeye anaendelea kuchambua mahindi kama vile kuku ndiye aliyepita. Na wewe hutakiwi kuuliza nimekosa nini. Kuuliza ni kosa la pili. Unatakiwa ukalitafute kosa mwenyewe, kisha umtafute mtu mzima wa kukuombea, na umpelekee mzigo wa kuni, maana mtu haombewi bure. Mama yangu aliwahi kukaa wiki nzima bila marahaba alipokuwa msichana, na mpaka leo akisimulia anashusha sauti.

Mimi kosa langu nilikuwa nalijua. Jumapili ile nilipangiwa kusoma somo la kwanza kanisani. Bibi alikuwa ametangaza kijiji kizima, hata wale wa kanisa jingine aliwaambia. Alivaa kitenge kipya, akakaa benchi la mbele. Zamu yangu ilipofika, miguu ilikataa. Siongezi chumvi, ilikataa kabisa. Katekista alinitazama, akahesabu kichwani, akaenda kusoma mwenyewe. Bibi hakugeuka nyuma. Niliona shingo yake tu.

Mimi nina sauti ndogo. Nilizaliwa ufukweni, ziwani, ambako watu huongea juu ya mawimbi, na mama yangu akiita mtoto, watoto wa nyumba nne wanakuja. Nilipofaulu darasa la saba nililetwa huku milimani Mbinga kwa mama yake, ili nisome sekondari. Huku nako watu huongea kwa nguvu, kwa sababu kila mtu ana jirani ng'ambo ya bonde. Mimi peke yangu ndiye nimekosa sauti pande zote mbili. Walimu husema, "Rudia, hatujasikia." Bibi hunitania, "Huyu mke mwenzangu anaongea kama anaungama."

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilipoingia jikoni, nikapiga goti pembeni ya kigoda chake, upande wa kushoto kama kila siku kwa kuwa kulia kuna ukuta na kuni, nikasema shikamoo Bibi, naye akaendelea kukoroga uji, nilijua. Nikachukua kikapu changu nikaenda kuchuma kahawa.

Siku hiyohiyo mchana mama alipiga simu. Bibi alipokea, akaiweka sikioni, akasema, "Haloo? Haloo?" kisha akaitoa, akaitazama kwa chuki. "Simu imekufa," akasema hewani, si kwangu, akaiacha juu ya kinu. Niliinyanyua. Mama alikuwa anapiga kelele humo ndani mpaka kinu kinatetemeka. Nilitaka kusema, Bibi, mbona inaongea? Lakini mtu asiyeitikiwa hasemi. Nilikwenda nayo nyuma ya nyumba nikamwambia mama kwamba Bibi ana kazi.

Jumatano nikaona jambo jingine, nalo pia sikulisema. Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka, mdogo wake Bibi, ambaye namwita Bibi Mdogo, humwita kutoka kilima cha ng'ambo. "Weee dada! Umeamkaje?" Sauti inapita juu ya bonde, juu ya mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha milimani, yaliyopangwa mteremko mzima kama sega la nyuki, na Bibi husimama mlangoni akajibu. Wamefanya hivyo tangu walipoolewa. Asubuhi ile sauti ilikuja, Bibi akasimama, akajibu kwa nguvu zote, lakini alikuwa ameuelekea mgomba. Kilima cha dada yake kiko kushoto. Yeye alikipa kisogo karibu kabisa, akawa anauambia mgomba kwamba ameamka salama.

Nilidhani Bibi amemkasirikia hata mdogo wake kwa ajili yangu. Nikaona kosa langu ni kubwa kuliko nilivyofikiri.

Alhamisi nilikata kuni, nikafunga mzigo, nikashuka bondeni na kupanda ng'ambo. Bibi Mdogo alikuwa anazungusha mashine ya kumenyea kahawa, maganda mekundu yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Alipouona mzigo kichwani mwangu aliacha kuzungusha.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani kakunyima?"

"Bibi."

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Nne!" Akakaa juu ya debe. "Dada yangu ana roho ngumu, lakini nne! Umeiba?"

"Hapana."

"Una mimba?"

"Bibi!"

"Nauliza tu. Mama yako alinyimwa wiki moja kwa kuvunja mtungi. Haya, umefanya nini? Na uongee, sio unaninong'oneza kama inzi."

Nikamwambia habari ya somo. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaacha ghafla. "Hapana," akasema. "Hili haliwezi kuwa la siku nne. Na yeye juzi nimemuuliza kama atakuja kunisaidia kuanika, akanijibu kwamba mbuzi ameshazaa. Mbuzi gani? Twende."

Tulimkuta Bibi anageuza kahawa kwenye kichanja. Bibi Mdogo hakuzunguka. Alisimama mbele yake, mimi nikapiga goti nyuma yake kidogo, kichwa chini, kama inavyotakiwa.

"Dada, nimemleta mtoto. Amekosa, anajua amekosa, hakuwa na nia mbaya. Mwitikie."

Bibi aliacha kahawa. "Nimwitikie nini?"

"Salamu yake."

"Salamu gani?" Akanitazama, na macho yake yalijaa machozi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Huyu ndiye aliyeninyima salamu! Siku nne anaingia jikoni kwangu, anapiga goti, anatikisa midomo, anaondoka. Nikasema, mtoto amechukia kwa sababu nilimlazimisha kusoma kanisani. Nikasema basi, acha achukie, zitaisha. Lakini kunitikisia midomo kama ananitania, hilo nani kamfundisha? Huko kwenu ziwani?"

Bibi Mdogo akanitazama mimi, akamtazama dada yake. Kisha akafanya kitu ambacho nakikumbuka vizuri. Alichota ganda kavu la kahawa, akasogea upande wa kushoto wa Bibi, akalivunja kwa vidole karibu kabisa na sikio lake. Kaa! Bibi hakupepesa hata jicho. Akaenda upande wa kulia, akavunja jingine. Bibi akageuka: "Unafanya nini na kahawa yangu?"

"Dada, sikio lako la kushoto limekufa."

"Halijakufa. Limeingia baridi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu nilipoamka. Kama mtu amelijaza pamba. Na ndani kuna nyenje wanalia. Na hili la kulia nalo ni la uzee, mnalijua." Akaketi pembeni ya kichanja. "Huu mwezi wa sita una baridi. Litafunguka."

Nilimwangukia magotini. Sijui kama nililia kwa furaha au kwa woga. Bibi alinishika kichwa akasema, "Kumbe ulikuwa unanisalimia," akarudia mara tatu. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyejali sikio. Tulikuwa tumepatana bila kuwa tumegombana.

Kisha Bibi Mdogo akasema akapashe mafuta ya kuku, amtie matone mawili, kesho atakuwa anasikia hata mchwa.

Hapo ndipo ilibidi niseme. Mimi nilikuwa najua kitu ambacho Bibi Mdogo hakukijua. Bibi ana kisukari, huu mwaka wa nane. Kadi yake ya kliniki naitunza mimi kwenye begi langu la shule, kwa kuwa yeye huipoteza. Na nilijua kwamba tangu msimu wa kuchuma uanze, dawa zake alikuwa hazimezi. Dawa zinataka chakula, naye anaingia shambani kabla ya kula, anarudi saa tisa. Alikuwa anameza Jumapili tu, baada ya misa, kana kwamba ni komunyo ya pili. Nilimwona. Nikanyamaza, kwa sababu nani amwambie mkubwa ameze dawa? Mimi ninayeshindwa hata kusoma mistari kumi?

"Msitie mafuta," nikasema.

"Unasemaje?" akasema Bibi Mdogo.

"Msitie kitu!" Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka bondeni. "Bibi ana sukari. Twende hospitali kesho."

Wote wawili walinitazama. Bibi akasema polepole, "Hiyo nimeisikia kwa masikio yote mawili," nasi tukacheka, ingawa haikuwa kweli.

Ijumaa tulifika hospitali Mbinga mjini mapema. Daktari alikuwa kijana, na alimwamkia Bibi kwanza kabla ya kumuuliza lolote, akainama upande wa kulia nilipomwonyesha. Alimulika sikio kwa taa ndogo. Nilikuwa naomba aseme kuna nta, au mdudu, au punje ya mahindi, kitu cha kutoa kwa koleo. Akasema, "Sikio ni safi. Kiwambo ni kizima." Alisema kama habari njema, lakini uso wake haukufurahi.

Akatoa chuma chenye meno mawili kama uma mkubwa, akakigonga kwenye goti lake, kikaanza kuvuma, akaweka shina la chuma hicho katikati ya paji la uso la Bibi.

"Mama, mvumo unausikia wapi?"

"Huku." Bibi akaonyesha sikio la kulia, lile zima.

Daktari akanieleza mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa na daftari mkononi. Kama ingekuwa nta au uchafu, mvumo ungekimbilia sikio lililoziba. Umekimbilia zima. Maana yake mlango uko wazi, lakini ndani kabisa, pale sauti inapopokelewa, kuna shida. Akapima sukari kwenye kidole. Kipimo kiliandika ishirini na moja. Nilikuwa nimeshazoea kuona nane, tisa.

"Nani anamwangalia dawa nyumbani?"

Bibi alikuwa anatazama picha ya mapafu ukutani, na safari hii sijui kama hakusikia kweli au alijifanya.

"Ni mimi," nikasema. "Hamezi. Anameza Jumapili. Nilijua na sikumwambia mtu." Yakanitoka yote, mpaka la uji ambao huwa natia sukari vijiko viwili akiniambia nitie. Masikio yangu yaliwaka moto.

Nilingoja kugombezwa. Daktari alivuta kiti. Alisema sikio la ndani hulishwa na mishipa ya damu midogo sana, myembamba kuliko nywele, na sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huiharibu, kama inavyoharibu ya macho na ya miguu. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari anaweza kuamka siku moja upande mmoja umezima. "Lakini siwezi kuapa kwamba ni sukari peke yake," akasema. "Kuna watu hawana sukari na linawapata. Wewe usijibebeshe yote." Kisha akauliza, "Leo siku ya ngapi?"

"Ya tano."

"Vizuri. Wengi huja baada ya miezi, wameshatia kila mafuta. Hapa siku zina maana."

Kulikuwa na dawa moja ya kujaribu, vidonge vya kutuliza uvimbe wa ndani. Ubaya wake, vidonge hivyo hupandisha sukari, na ya Bibi ilikuwa tayari mawinguni. Ukimpa, sukari inaweza kumwangusha. Usipompa, sikio linaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Kipimo kikubwa cha kusikia hakikuwepo pale, angeandika rufaa, lakini dawa haingoji rufaa. Alishauriana na mwenzake wa masikio kwa simu, akarudi akasema Bibi alazwe, apewe vidonge pamoja na sindano za insulini, apimwe kidole mara nne kwa siku. "Siwezi kukuahidi, mama," akamwambia Bibi kwa sauti kubwa. "Linaweza kurudi, linaweza kurudi nusu, linaweza kugoma."

Bibi alifikiri. "Nina mdogo wangu ng'ambo," akasema. "Ananiita kila asubuhi. Sasa sijui sauti inatoka wapi. Naisikia kidogo, lakini kama inatoka kila mahali. Juzi nimejibu nikaona mjukuu ananishangaa." Kumbe aliniona. "Nipe tu hizo dawa."

Wodini nilikaa naye. Nilichora kurasa za daftari langu mistari: asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kulala. Nesi alinifundisha kutoboa kidole pembeni, si katikati, maana katikati kunauma zaidi. Siku mbili za kwanza namba zilipanda mpaka nikaogopa kuziandika. Siku ya tatu zikaanza kushuka. Sikio halikusema kitu. Kila asubuhi nilivunja ganda la kahawa, nilibeba mfuko mzima kutoka nyumbani, pale kushoto kwake, naye alitikisa kichwa. Nyenje tu, alisema. Nyenje hawanyamazi.

Mama alikuwa hawezi kupanda kutoka ziwani upesi, mtoto wake mdogo alikuwa na homa. Alipiga simu asubuhi na jioni. Nilikuwa naishika simu kwenye sikio la kulia la Bibi, na wodi nzima ilikuwa inajua bei ya dagaa wa usipa na hali ya choo cha mtoto.

Siku ya sita, baada ya chakula cha mchana, Bibi alilala ubavu wa kulia, sikio zima limezama kwenye mto. Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja mnene, mkarimu sana, ambaye akishashiba husinzia. Nilikuwa napanga nguo. Mara Bibi, macho yamefumba, akasema kwa hasira:

"Huyu mwenzetu naye! Anakoroma kama anasaga mtama."

Niliendelea kukunja kanga. Nikakunja mara moja, mara mbili. Kisha nikasimama.

"Bibi. Umesikia nini?"

Hakujibu, nilikuwa nimenong'ona kwa mazoea. Nikazunguka, nikainama juu ya sikio la kushoto, lile lililokuwa juu, hewani. Ganda la kwanza nililiangusha. Nikachukua jingine nikalivunja.

Bibi alifumbua jicho moja. "Na wewe unaniletea uchafu kitandani."

Nilikimbia kumwita nesi, mimi, nikapiga kelele koridoni kama mama yangu. Nesi alidhani mtu amekufa. Aliyekoroma aliamka akauliza kuna nini, nilipomwambia kwamba kukoroma kwake kumemponya Bibi, alicheka na kusema mume wake hajawahi kumshukuru kwa hilo.

Sitaki kuandika uongo. Sikio halikurudi lote. Daktari alipogonga tena chuma chake, Bibi alisema mvumo sasa uko "kulia, lakini si mbali na katikati." Sauti nyembamba, kama za vifaranga, upande ule hazisikii vizuri. Nyenje wamepungua, wamebaki kama watatu. Daktari alisema huenda likaongezeka kidogo, huenda likabaki hapo, na kwamba la muhimu ni kulinda lililobaki, na la kulia, na macho, na miguu. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Safari hii sikuinamisha kichwa. Nilimuuliza maswali matatu, yote niliyokuwa nimeyaandika, na hakuniambia nirudie.

Tumerudi nyumbani. Sasa Bibi haingii shambani kabla ya kula. Analalamika, anasema nimekuwa polisi, anasema mke mwenza gani huyu, lakini anakula uji usio na sukari, anakunja uso, anameza kidonge, ananionyesha ulimi kwamba kimeshuka. Mimi naandika kwenye daftari.

Somo la kanisani bado sijasoma. Hajaniuliza, nami sijajitolea. Nadhani nitasoma, lakini si lazima iwe mwezi huu.

Jana asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata kilima cha ng'ambo hakikuonekana. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Ikaja sauti: "Weee dada! Umeamkaje?" Bibi alitoka. Alisimama kidogo, akainamisha kichwa kama anayeonja mboga chumvi. Akageukia mgomba. Akaacha. Kisha akazunguka kushoto, polepole, mpaka akakielekea kilima ambacho hakuna aliyekuwa anakiona, akajibu kwa sauti iliyorusha kuku: "Nimeamka! Nawe umeamkaje?"

Nilirudi jikoni kabla hajaniona. Alipoingia na kuketi kwenye kigoda, nilipiga goti upande wa kushoto, palepale pa siku zote, nikasema shikamoo kwa sauti yangu hii hii ndogo, sikuiongeza hata kidogo.

"Marahaba," akasema, anakoroga uji. "Na dawa nameza, usinitazame hivyo."